Tuanze na Kijito: Mto Ngerengere na Ufundishaji wa Jiografia katika Shule za Msingi

Wako watoto wengi wa darasa la tano wawezao kutaja kwa pumzi moja Nile, Kongo, Rufiji, Ruvuma na Pangani, tena kwa mpangilio ule ule ulioandikwa ubaoni. Lakini ukiwauliza watoto hao hao kijito wanachokivuka kila asubuhi waendapo shuleni kinatoka wapi, kinaingia katika mto gani, na maji yake yanafika bahari ipi, wengi watanyamaza. Si kwamba hawana akili, wala si kwamba hawakijui kijito chenyewe. Wanakijua sana: wamechota maji humo, wamefua, wamevua samaki wadogo kwa vyandarua vilivyochanika. Wasilolijua ni kwamba kijito hicho ni jiografia. Hakuna mwalimu aliyewaambia.

Makala haya yanatoa rai moja kwa wanachuo wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi. Rai yenyewe ni kwamba fundisho la mito lianze na tawimto dogo lililo karibu na shule, lifuate mkondo wake kutoka chanzoni hadi makutano, na baada ya hapo ndipo liende kwenye mito mikubwa ya nchi na ya dunia. Tena lisiishie katika kukariri wajibu wa kutunza vyanzo vya maji, bali limfikishe mtoto mahali pa kuweza kueleza kwa nini maji yanaongezeka, yanapungua au yanachafuka, na nani anapata hasara au faida kwa kila hali. Ili hoja isielee hewani, nitatumia mfano wa mto mmoja, Ngerengere, ulioko katika mkoa wa Morogoro.

Kasoro ya kuanza na mito mikubwa

Mto mkubwa hauonekani. Maneno haya yaweza kushangaza, lakini tuyafikirie. Mtu asimamaye ukingoni mwa Rufiji huona maji mengi yakipita. Haoni chanzo, haoni mlango wa bahari, haoni matawi yake. Ili auone Rufiji kama mto, hana budi kutumia ramani, na ramani ni lugha ambayo mtoto bado anajifunza. Kwa hiyo tunapoanza na mto mkubwa, tunamtaka mtoto afahamu jambo asilolijua kwa kutumia lugha asiyoijua. Matokeo yake ni kwamba hukimbilia njia pekee iliyobaki, nayo ni kukariri.

Kijito kina sifa iliyo kinyume. Mtoto aweza kukitembelea, na pengine kwa saa moja akaona mahali maji yanapobubujika, mahali yanapopita kwa kasi juu ya mawe, mahali yanapotulia na kuacha mchanga, na mahali kijito kinapojiunga na kingine kilicho kikubwa zaidi. Sehemu zote za mto zifundishwazo vitabuni, yaani chanzo, mkondo, kingo, maporomoko, makutano na mlango, zimo humo kwa kipimo kidogo. Akishaziona, ramani huwa ni picha ya jambo analolifahamu. Hii ndiyo kanuni ya zamani ya ufundishaji, ya kwenda kutoka linalojulikana hadi lisilojulikana, ambayo kila mwanachuo huiandika katika daftari lake la mbinu za kufundishia na wengi huisahau siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha.

Mto Ngerengere

Ngerengere si mto mashuhuri. Katika ramani nyingi za Tanzania zilizomo vitabuni, ama haumo kabisa, ama ni uzi mwembamba usio na jina. Hata hivyo, mwalimu akiuchunguza ataona kwamba unafundisha mambo ambayo mto mkubwa hauwezi kuyafundisha kwa urahisi.

Mto huu huanzia katika miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru. Milima hii ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki, na vilele vyake vya juu kabisa hupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Vijito kadhaa, miongoni mwao Mzinga, Mlali na Lukulunge, hushuka kutoka milimani na kukutana katika bonde lililo kusini-magharibi ya mji wa Morogoro. Hapo ndipo lilipo Bwawa la Mindu, lililokamilika katika miaka ya 1980, ambalo ni chanzo kikubwa cha maji ya mji huo. Kutoka bwawani mto huelekea kaskazini, ukipita kando ya mji, na kupokea vijito vishukavyo kutoka miteremko ya kaskazini, kama vile Morogoro, Kikundi na Bigwa. Baadaye hugeukia mashariki, ukapita katika nchi tambarare yenye mashamba ya mkonge ya tangu zamani, na katika bonde ambamo reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, nayo imepitishwa. Hupita karibu na mji mdogo wenye jina lile lile la Ngerengere, na mwishowe huingia katika Mto Ruvu. Ruvu nao huendelea hadi Bahari ya Hindi, karibu na Bagamoyo.

Mwanachuo atakayechukua kalamu na kuuchora mkondo huu ataona ajabu yake. Ruvu wenyewe huanzia katika miteremko ya mashariki ya milima hiyo hiyo. Ngerengere unaanzia magharibi, unazunguka ncha ya kaskazini ya milima, kisha unaukuta Ruvu upande wa mashariki. Upo na mto wa tatu, Mgeta, ambao pia huanzia upande wa magharibi, lakini wenyewe huenda kusini, ukazunguka ncha ya kusini ya milima, nao ukaingia Ruvu. Yaani mito miwili iliyozaliwa upande mmoja wa mlima huachana, mmoja ukaenda kaskazini na mwingine kusini, ukaukumbatia mlima mzima, na maji yake yakakutana tena upande wa pili. Mtoto akiulizwa kwa nini maji hayo hayakwenda moja kwa moja mashariki kuliko bahari, atajibu mwenyewe kwamba mlima umeyazuia. Hapo amekwisha kufahamu maana ya mgongo wa milima ugawao maji, kabla hata ya kufundishwa istilahi yake.

Swali la pili ni zito zaidi. Kwa nini Ruvu ndio uitwao mto mkuu, na Ngerengere ukaitwa tawi? Wengi watajibu kwa haraka kwamba Ngerengere ni mfupi au kwamba eneo lake ni dogo. Lakini eneo ambalo maji yake hutiririkia Ngerengere si dogo. Ni kati ya kilomita za mraba 2,500 na 3,000. Jibu limo katika mvua. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hufika Uluguru zikiwa zimebeba unyevu. Zikipanda miteremko ya mashariki hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua. Sehemu nyingine za upande huo hupata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Zivukapo kwenda magharibi zimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya unyevu huo. Mji wa Morogoro, ulioko chini ya milima upande wa kaskazini-magharibi, hupata kati ya milimita 800 na 900 hivi. Kwa hiyo Ruvu hunywa mvua ya upande wa upepo, na Ngerengere hunywa masalio. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, Ngerengere hufurika na kubeba udongo mwingi; ikifika Septemba na Oktoba maji yake hupungua sana, hasa katika nchi tambarare ya chini. Somo kubwa hapa ni kwamba ukubwa wa eneo si ukubwa wa maji, na mwanafunzi aliyelielewa jambo hili kwa Ngerengere hatapata taabu baadaye kufahamu kwa nini mto mrefu wa nchi kame waweza kuwa na maji machache kuliko mto mfupi wa nchi ya mvua.

Namna ya kulifundisha somo

Nashauri vipindi vinne katika azimio la kazi, ambavyo mwalimu aweza kuvipunguza au kuviongeza kulingana na mazingira ya shule yake. Shule iliyo mbali na Ngerengere itumie kijito chake. Mfano huu ni wa njia, si wa mto.

Kipindi cha kwanza ni cha udongo na maji. Mwalimu na wanafunzi wajenge mlima wa udongo mbichi uwanjani. Upande mmoja wafunike kwa majani na nyasi zilizokatwa. Upande wa pili waache wazi. Kopo lililotobolewa matundu chini litumike kunyeshea mvua, kiasi kile kile kila upande. Wanafunzi waangalie ni upande gani maji yanafika chini upesi, upande gani yanafika yakiwa machafu, na mifereji inajichora wapi. Waulizwe kwanza wanategemea kuona nini, kisha ndipo maji yamwagwe. Mtoto aliyekisia na kukosea hukumbuka zaidi kuliko mtoto aliyeambiwa.

Kipindi cha pili ni cha ramani. Ramani za kipimo cha 1:50,000 zafaa sana, kwa kuwa sentimita 2 juu yake ni kilomita 1 juu ya ardhi, na vijito vidogo vimo. Wanafunzi wachukue uzi, waulaze juu ya mkondo wa kijito wakifuata kila kona, kisha waunyooshe na kuupima. Halafu wapime kwa rula umbali ulionyooka kutoka chanzo hadi makutano. Wakilinganisha vipimo hivyo viwili watajua kiasi ambacho mto unapinda. Iwapo ramani haipatikani, mwalimu achore ubaoni ramani rahisi baada ya kuutembelea mkondo mwenyewe, wala asinakili ya kitabuni.

Kipindi cha tatu ni cha kwenda kijitoni, nacho ndicho moyo wa somo. Wanafunzi wapime upana wa kijito kwa kamba na kina chake kwa kijiti mahali patatu au panne. Kisha wapime mita 20 kando ya ukingo, watupe kipande cha mti chepesi majini, na kuhesabu sekunde kwa saa ya mkono. Tuchukue mfano. Ikiwa upana ni mita 4, kina cha wastani ni mita 0.3, na kipande cha mti kimetumia sekunde 40, basi kasi ni nusu mita kwa sekunde. Mita 4 mara 0.3 mara 0.5 ni mita za ujazo 0.6, yaani lita 600 kwa kila sekunde. Kwa kuwa maji ya juu huenda kwa kasi kuliko ya chini, tuzidishe kwa 0.8, tupate lita 480. Ndoo ya kawaida huchukua lita 20. Kwa hiyo ndoo 24 za maji hupita mbele ya mtoto kila sekunde. Hesabu hii ni ya darasa la tano au la sita, na mwalimu wa hisabati hatakataa kusaidia. Ikifanywa mwezi wa Aprili na kurudiwa mwezi wa Septemba, darasa litakuwa na jambo la kweli la kueleza, yaani tofauti ya masika na kiangazi, kwa tarakimu zake lenyewe.

Siku hiyo hiyo maji yachotwe katika chupa tatu zinazopitisha mwanga: moja karibu na chanzo au juu ya mashamba, ya pili chini ya mashamba, ya tatu chini ya barabara au makazi. Chupa ziwekwe dirishani mwa darasa hadi kesho yake. Udongo utakaotuama chini ya kila chupa ndio ushahidi. Wanafunzi wa Morogoro wakiona hivyo watafahamu kwa nini bwawa kama la Mindu hujaa mashapo: maji yaliyokuwa yakienda kasi yakifika bwawani hutulia kama yale ya chupani, nayo huacha mzigo wake hapo.

Kipindi cha nne ni cha kuuliza nani anatumia maji. Wanafunzi waorodheshe watumiaji kutoka juu hadi chini: mkulima wa mboga, mama anayechota, mfuaji, mchunga ng'ombe, mfyatua matofali, mji, kiwanda. Kwa Ngerengere orodha haiishii kwenye makutano, kwa sababu Ruvu ndio umekuwa chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam: mtambo wa Ruvu Juu ulianza mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Mtoto wa Mlali akitambua kwamba maji yaliyopita mbele yake huenda yakamfikia mtoto wa Kinondoni, amevuka mpaka wa kijiji chake bila kuondoka darasani.

Juu ya usalama sina budi kusema wazi. Mwalimu akague mahali siku moja kabla. Asiwapeleke wanafunzi kijitoni baada ya mvua kubwa milimani, hata kama kijijini hakuna mvua, kwa maana mafuriko hushuka ghafla. Wanafunzi wasiingie katika maji yaliyotuama, kwa ajili ya kichocho. Upimaji wa kina ufanyike kutoka ukingoni au mahali penye maji machache yaendayo kasi. Palipo na mamba au viboko pasiendewe kabisa.

Somo lisiwe hukumu

Sasa nafikia jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko mbinu zote. Masomo mengi ya mito humalizika kwa fundisho kwamba wakulima wa milimani wanaharibu vyanzo vya maji. Mwalimu huandika ubaoni sababu za mmomonyoko, na ya kwanza ni kilimo kibaya. Katika darasa hilo amekaa mtoto ambaye baba yake na mama yake wanalima mteremkoni. Mtoto huyo ananakili katika daftari kwamba wazazi wake ni waharibifu, naye hapewi nafasi ya kuuliza wangelima wapi. Hilo ni fundisho baya, tena si jiografia kamili.

Historia ya Uluguru yenyewe inatuonya. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao pamoja na mambo mengine uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Nia iliyotangazwa ilikuwa ni kuzuia udongo usichukuliwe na kuilinda mito. Lakini kazi ilikuwa nzito, na mahali penye udongo mwembamba kuchimba ngazi kulitoa juu udongo wa chini usio na rutuba, mavuno yakapungua. Watu walilazimishwa kwa amri na faini. Mwaka 1955 palizuka ghasia upande wa Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika sehemu za Mgeta, ambako wakulima walilima mboga na kuona faida ya ngazi kwa macho yao, kilimo cha ngazi kiliendelea. Tofauti haikuwa kati ya watu wenye akili na watu wasio na akili. Ilikuwa tofauti ya udongo, ya zao, na ya kushirikishwa.

Mwalimu anayetoa amri darasani bila kuwaachia wanafunzi kuona na kupima anarudia kosa lile lile kwa chaki. Watoto wataitikia kwa sauti kwamba tutunze vyanzo vya maji, kisha watakwenda nyumbani na kufanya kama walivyofanya jana.

Chukua mfano wa sheria ya leo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wanafunzi wengi wataisikia sheria hiyo kama tarakimu tu. Mwalimu na awapeleke ukingoni, wahesabu hatua hadi mita 60, waweke kijiti. Kisha wafanye hesabu: kwa kila mita 100 za urefu wa kijito, mita 60 kwa kila upande ni mita za mraba 12,000, yaani hekta 1.2, au ekari zipatazo tatu. Waulize ndani ya eneo hilo kuna nini sasa. Katika bonde jembamba la milimani, ekari hizo zaweza kuwa ndilo shamba lote la familia moja au mbili, na mara nyingi ndilo lenye udongo mzuri kuliko mengine. Halafu warudie kutazama ile chupa ya pili na udongo wake. Wakiwa na mambo hayo mawili mbele yao, sheria ina sababu na mkulima naye ana sababu. Hapo ndipo wajadiliane: je, miti ya matunda yaweza kupandwa ukingoni badala ya mahindi? Je, majani yalazwe kukata mteremko, kama wazee wa milimani walivyofanya kwa kufukia magugu katika vingazi vidogo? Je, watumiaji wa maji walioko chini wana wajibu gani kwa walioko juu, ambao ndio wanaoombwa kuacha ardhi yao?

Sisemi kwamba mwalimu asiwe na msimamo. Misitu ya Uluguru imehifadhiwa tangu enzi ya Wajerumani, na mwaka 2008 ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Bila misitu hiyo kijito cha kiangazi kisingekuwapo. Mwalimu aliseme hilo kwa sauti kubwa. Ninachosema ni kwamba alifikie pamoja na wanafunzi kwa ushahidi, wala asilifanye kuwa fimbo ya kuwachapia wazazi wao.

Hoja za wenye shaka

Nazijua hoja zitakazotolewa. Ya kwanza ni mtihani. Husemwa kwamba mtihani wa mwisho hauulizi kijito cha kijiji. Ni kweli, lakini mtihani huuliza maana ya tawimto, sababu za mafuriko, namna ya kupima umbali katika ramani, na uhusiano wa mvua na upepo. Mtoto aliyeyaona hayo kijitoni atayajibu popote, hata jina la mto likibadilishwa. Anayekariri ndiye anayeshindwa swali linapogeuzwa.

Hoja ya pili ni wingi wa wanafunzi. Darasa la watoto 80 haliwezi kusimama ukingoni kwa mara moja. Basi ligawanywe makundi ya kumi kumi, kila kundi na kazi yake: hili lipime upana, hili kasi, hili lichote maji, hili lichore. Makundi manne yaende leo na manne yaende wiki ijayo, huku yaliyobaki yakifanya kazi ya ramani chini ya mwalimu mwenzake. Hili lahitaji maelewano na mwalimu mkuu na andalio la somo lililo makini, lakini halihitaji fedha.

Hoja ya tatu ni kwamba shule nyingine haina kijito. Kila shule ina paa au kilima, na mvua ikinyesha uwanja wake huwa na mifereji. Mfereji wa uwanjani una chanzo, matawi, makutano na mlango, na mchanga unaoachwa mwisho wake ni delta. Mvua ya nusu saa yatosha kwa kipindi kizima.

Hoja ya nne, ambayo haisemwi kwa sauti, ni kwamba mwalimu mwenyewe hakijui kijito. Amehamishiwa shuleni kutoka mkoa mwingine, na akiulizwa na mtoto atashindwa. Kwake yeye nasema kwamba wazee wa kijiji wanajua. Wanajua jina la kila chemchemi, mwaka ambao kijito kilikauka, mahali daraja lilipochukuliwa na maji. Mwalimu akienda kwao na daftari atapata somo ambalo hakuna kitabu kilichonalo, na kijiji nacho kitaanza kuiona shule kuwa yake. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka. Sidhani iko njia nyepesi kuliko hii ya kutimiza shabaha hiyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwalimu anayetaka kufundisha mto hana budi kuvua viatu.

Kazi ya mwanachuo

Kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, nashauri kila mwanachuo afanye kazi ndogo ifuatayo. Achague tawimto moja lililo karibu na chuo au nyumbani kwao. Aufuate mkondo wake kwa miguu kadiri awezavyo, na sehemu iliyobaki aifuate kwa ramani, hadi atakapoweza kutaja bila kusita kwamba kijito hiki huingia mto fulani, nao huingia mto fulani, hadi bahari au ziwa. Aandike ukurasa mmoja juu ya mambo matatu: mvua ya kijito hicho hutoka wapi, nani anaishi kwa maji yake, na ni jambo gani moja juu yake ambalo hawezi kulieleza. Jambo hilo la tatu ndilo alipeleke darasani kama swali, wala asiogope kwamba hana jibu.

Katika somo la jiografia na mazingira mito mikubwa ina nafasi yake, na hakuna anayetaka mtoto wa Tanzania asijue Rufiji au Nile. Lakini majina hayo yaje baada ya mtoto kuwa na mto mmoja anaoujua kweli, ili atakaposoma kwamba Nile una matawi, aone kwa akili yake maji mawili yakikutana, moja safi na moja lenye tope, kama alivyoona siku ile alipokwenda na darasa lake hadi kwenye makutano ya kijito cha kwao.